Mkono wa Yunisi Haukuwa Mzito

Bwana asifiwe! Naomba mniitikie kwa nguvu sasa hivi, wapendwa, maana nikimaliza sijui kama kuna atakayekuwa na hamu ya kuniitikia. Bwana asifiwe sana!

Shikamooni wazee wangu. Akina mama nawasalimu, na vijana, na kwaya yote. Mimi ni Zefania, fundi redio, na hapa Utemini mnanijua. Ndimi yule anayekaa kule nyuma na amplifaya, na vipaza sauti vikipiga mluzi katikati ya mahubiri mnageuka wote kunitazama kana kwamba nimepiga mimi. Leo kule nyuma hakuna mtu. Vikilia mnivumilie.

Ndugu zangu, hii si mara yangu ya kwanza kushuhudia mahali hapa. Mwaka jana, alizeti ilipokuwa imeshavunwa, nilisimama palepale niliposimama sasa. Nilivaa shati jipya. Nikaeleza jinsi Bwana alivyoushindia usharika wetu mashindano ya Biblia ya vijana, na jinsi nilivyoliombea lile sanduku la kengele nililolitengeneza, nikisema Bwana, mkono wa mwenye haki uwe mwepesi. Mlilia! Mlipiga vigelegele! Mzee mmoja alinishika kichwani akanibariki. Wapendwa, ule ushuhuda ulikuwa wa uongo kuanzia salamu mpaka amina, na nimekuja kuufuta.

Nitasema tangu mwanzo, ili hata aliyeingia leo kwa mara ya kwanza anielewe.

Mnajua mashindano yale. Sharika zinaleta vijana wao, msimamizi anasoma swali, anayejua jibu anawahi. Zamani walikuwa wanainua mikono tu. Na wenzetu wa usharika wa Misigiri, kule kijijini, walikuwa wanatushinda kila mwaka! Watoto wa wakulima, wanakuja wamepanda juu ya magunia ya mashudu, viatu vimejaa vumbi, na wanatufunga sisi wa mjini wenye kwaya ya magitaa na sare za kitambaa kutoka Dubai. Wakatutania. Kuna kijana wao alisema mbele za watu, “Nyie wa mjini endeleeni na video zenu, Biblia mtuachie sisi.” Watu walicheka. Mimi sikucheka, neno lile lilinikaa moyoni.

Ndani ya Misigiri ile alikuwepo binti mmoja. Naomba nimtaje kwa jina, na baadaye mtajua kwa nini. Anaitwa Yunisi, binti wa Mzee Msengi, mzee wa kanisa kule. Alikuwa amemaliza darasa la saba, kidato cha kwanza hakupata nafasi, anamlea bibi yake na kufundisha watoto Shule ya Jumapili. Huyo ndiye aliyekuwa anatufunga. Msimamizi hajamaliza swali, mkono wa Yunisi uko juu. Tukawa tunabishana, nani ameinua kwanza, nani amechelewa, wazee wa pande mbili wanatoleana macho kanisani. Ikawa aibu. Ndipo mchungaji akaniita akaniambia, “Fundi, siku hizi madukani kumejaa kila kitu. Tutengenezee chombo kisichopendelea mtu.”

Kisichopendelea mtu! Ndivyo alivyoniambia mtumishi wa Mungu.

Nikalitengeneza, na kwa kweli niliifurahia kazi ile. Sanduku la mbao, betri ya gari kwa sababu umeme wetu mnaujua, vitufe viwili vya kengele ya mlangoni, balbu mbili, nyekundu na kijani. Ndani yake niliweka rilei mbili, yaani swichi zinazovutwa na umeme. Anayebonyeza kwanza rilei yake inavuta, taa yake inawaka, na hapohapo inakata njia ya mwenzake. Mwenzake hata abonyeze mpaka kidole kivimbe hapati kitu. Nililijaribu mezani kwangu na mke wangu, Mama Eliya, yeye kitufe kimoja na mimi kingine, akanishinda. Tukacheka sana. Chombo kilikuwa cha haki, ndugu zangu. Kingebaki vile tusingekuwa na habari ya kusimuliana leo.

Lakini kiburi kilikuwa kimeshapiga kambi. Mimi ni mtu ninayeitwa kitu kikiharibika. “Fundi, kipaza sauti!” “Fundi, waya!” Hakuna mtu aliyewahi kuniita fundi njoo uonekane. Nikafikiri, wakishinda vijana wetu kwa chombo changu, nitaonekana. Nikajidanganya na maneno mengi mazuri. Nikasema ni kwa ajili ya utukufu wa Mungu mjini, vijana wetu watavutwa na kanisa badala ya kukesha kwenye vibanda vya video. Nikasema wale wa Misigiri wana nafasi ya kusoma, wanakaa na mifugo na Biblia siku nzima, sisi tuna shughuli, kwa hiyo hapo nasawazisha tu. Nasawazisha! Shetani ana maneno laini, na mengi kati ya hayo nilimfundisha mimi.

Nilichukua kapasita. Ni kidude kidogo, hakizidi punje ya mahindi. Kazi yake ni kunywa umeme kwanza, kikishiba ndipo umeme uendelee. Nikakiunga na waya wa kitufe cha kijani, nikakizungushia gundi na kitambaa cheusi, ukifungua sanduku unadhani ni fundo tu la waya. Taa ya kijani sasa ilikuwa inachelewa kidogo sana, chini ya kufumba na kufumbua. Mtu akiwahi kabisa anapata. Lakini wakibonyeza kwa kukaribiana, kijani kinakosa. Nilifanya hivyo makusudi, wapendwa, maana wangeshindwa maswali yote watu wangeshtuka. Na siku ya mashindano aliyepanga meza ni mimi. Misigiri nikawapa kijani.

Vijana wetu hawakujua lolote. Naomba hilo lisikike mpaka nje. Walisoma, walifunga, walishindana kwa moyo safi. Nimewachafua na wao bila wao kujua.

Basi siku ile mliiona wengi wenu. Mwanzoni Yunisi alipata maswali mengi, halafu akaanza kukosa. Nilikuwa nimekaa pembeni ya sanduku, karibu naye kuliko mtu yeyote, na niliona kitu ambacho ninyi hamkukiona kutoka kwenye mabenchi. Kila alipobonyeza na taa nyekundu ikawaka, alikuwa anatazama kidole chake. Hakumtazama mpinzani wala hakunitazama mimi. Anakigeuza kidole, anakifuta kwenye kitenge, anakirudisha kwenye kitufe. Swali la mwisho lilikuwa juu ya waamuzi wa Israeli. Akabonyeza, na kwa sababu alijua amebonyeza kwanza akaanza kujibu kwa sauti, na jibu lilikuwa sahihi! Kumbe taa iliyowaka ni nyekundu. Msimamizi akamwambia, “Binti, taa si yako, nani amekupa nafasi?” Kanisa zima likacheka. Na mimi safari hii nilicheka.

Walimkata alama kwa kujibu bila taa. Tukashinda, tukabeba kikombe. Jumapili iliyofuata nikaja hapa na shati langu jipya.

Ndugu zangu, siku za mwizi ni arobaini, tunasema. Mimi hakuna aliyenikamata. Sanduku lilikuwa kwangu, ufunguo kwangu, na fundi ni mimi. Ningeweza kuzeeka nalo nikazikwa kwa nyimbo. Watu wa mjini wakaanza kuniita kwa jina. Nikapata wateja. Lakini nilianza kuogopa kitu cha ajabu, nilianza kuogopa kufunika vitu. Nikimaliza redio ya mtu, kufunga kifuniko mikono inatetemeka. Mama Eliya akadhani ni malaria.

Sasa nawapeleka Misigiri. Mvua zilipokwisha wenzetu kule walifanya mkutano wa injili, wakaomba amplifaya yetu, na mchungaji akanituma niende nayo. Nilitafuta visingizio vyote nikakosa. Nikaenda. Nikafunga vipaza sauti juu ya miti miwili, nikakaa na amplifaya pembeni ya jukwaa, na muhubiri alikuwa mgeni, mtu mwenye upako na sauti kubwa. Mchana ule akawaita wenye mizigo waje mbele waombewe. Wakaja wagonjwa, wakaja walevi, akaja mama aliyeibiwa ng'ombe. Halafu nikamwona Mzee Msengi anakuja amemshika binti yake mkono.

Muhubiri akampa kipaza sauti. “Sema, binti. Umeletwa na nini?”

Yunisi akasema, na sauti yake ikapita kwenye mikono yangu kwanza kabla ya kufika kwa watu, “Nimekuja kuombewa mkono. Siku ya mashindano mkono wangu ulikuwa mzito. Nilikuwa naona nimebonyeza, kumbe nimechelewa. Wazee wamenisimamisha kufundisha watoto mpaka nipone. Nimejichunguza sana. Nadhani ni kiburi, maana nilikuwa najisifu moyoni kwamba najua.” Halafu akasema, “Na kuna siku bibi yangu aliniomba maji nikiwa nasoma, nikamwambia asubiri. Bibi ameshafariki. Labda ni hayo maji.”

Jamani! Labda ni hayo maji!

Nilikuwa nimekaa pale, wapendwa, hatua chache tu kutoka kwake, na kitu kilichomfanya mzito kilikuwa nyumbani kwangu chini ya benchi la kazi, kimezungushiwa kitambaa cheusi. Nilitakiwa kusimama. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshasogea. Muhubiri akanionyesha kidole juu, niongeze sauti. Nikaongeza. Ndivyo nilivyofanya, niliongeza sauti! Wakamshika ule mkono watu wengi, wakautikisa, wakauvuta, wakaukemea kwa kelele, “Pepo wa uzito, toka! Toka kwenye kidole hiki!” Binti wa watu analia, kilemba kimeanguka, na kijiji kizima, Wakristo na Waislamu waliosimama kando ya barabara, wanatazama anavyotolewa pepo ambaye nilimtengeneza mimi kwa risasi ya kulehemu na gundi.

Hapo bado. Aibu yangu kubwa hata haijafika.

Watu walipotawanyika nilikuwa nakunja waya. Yunisi akaja. Akanisalimia kwa heshima, “Shikamoo, fundi.” Nikaitikia bila kuinua uso. Akasema, “Naomba kuuliza. Wewe ndiye uliyetengeneza lile sanduku. Mtu akibonyeza kwanza, linaweza kukosea likampa mwingine?”

Aliniuliza taratibu, bila hasira na bila kunishuku. Alikuwa anatafuta mlango mmoja tu wa kutokea, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Nikamwambia, “Haliwezi, dada. Mashine haina upendeleo.”

Akasema, “Asante.” Akaenda zake.

Ndugu zangu, mtu akidanganya kwa chombo anaweza kusema kilichodanganya ni chombo. Pale nilidanganya kwa mdomo wangu, macho kwa macho, nikamfungia mlango mtoto wa watu halafu akaniambia asante. Nilipanda lori la kurudi huku Singida nikiwa nimekumbatia amplifaya, dereva ananiuliza kama naumwa tumbo. Nikamwambia ndiyo.

Wiki chache baadaye, siku ya kawaida kabisa, Mzee Msengi akafika hapa Utemini, ameulizia mpaka amepata nyumba yangu. Kwapani ana jogoo mwekundu. Nilimwamkia, nikajua imejulikana. Nikajiambia afadhali! Kumbe hapana. Akakaa, akanywa maji, akaulizia watoto, akaulizia mvua za huku, kama wazee wetu wanavyofanya. Mwisho akasema, “Mwanangu, nimekuja na ombi. Mashindano yanakaribia. Binti yangu ameombewa, lakini hana imani na mkono wake, hata kusonga ugali anaogopa. Tuazime lile sanduku ajizoeze. Akiona taa inamwakia atapona. Huyu jogoo si malipo, ni shukrani.”

Nikamwambia rudi Jumamosi ya wiki ijayo, mzee, nilikague kwanza. Akanishukuru na yeye. Familia ile inanishukuru tu!

Alipoondoka nilivuta sanduku kutoka chini ya benchi, nikawasha chuma cha kulehemu. Na hapa, wapendwa, nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokaribia kupotea kabisa. Niliona njia. Nilikuwa nakitoa kile kidude, sekunde tu, nakitupa chooni. Yunisi anapata sanduku safi, anabonyeza, taa inawaka kila mara. Kijiji kinashangilia, pepo ametoka! Muhubiri anasifiwa. Yunisi anarudi kufundisha watoto. Mwaka huu anashinda. Kila mtu anafurahi, na mimi nabaki na jina langu, na jogoo. Hata nikaanza kusema, “Asante Bwana kwa kunifungulia njia.” Nilisema hivyo kwa mdomo huu!

Mama Eliya akaingia kutoka uani. Akauliza, “Baba Eliya, huyu jogoo ni wa nini?”

Nikasema, “Wa shukrani.”

“Shukrani ya nini, na kazi hujaifanya?”

Ni swali la mke yeyote. Hakujua lolote. Lakini hapo nikaona kitu kilivyo: nikikitoa kimyakimya, yule binti ataamini mpaka kufa kwamba alikuwa na pepo. Atawasimulia wanawe kwamba alimnyima bibi yake maji na Mungu akamfunga kidole. Na Mungu atasifiwa kwa uongo wangu kwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilimwibia Yunisi ushindi. Sasa nilikuwa nataka kumwachia pepo awe wake moja kwa moja, ili mimi nibaki mtu safi.

Nikamwambia mke wangu yote. Nilitazamia kelele. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, halafu akasema, “Siku ile unashuhudia kanisani mimi nililia. Nililia kwa furaha, mbele za watu. Machozi yangu nayo yalikuwa ya uongo?” Ndugu zangu, ningepigwa fimbo ningeshukuru. Nikapiga magoti pale chini, kwenye vipande vya waya, na kwa mara ya kwanza tangu niokoke niliomba bila maneno mazuri. Nilisema tu, “Mimi ni mwongo. Nitoe humu.” Nikazima kile chuma. Kidude nikakiacha mahali pake. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha kiasi cha kutosha.

Sikungoja Jumamosi hiyo Mzee Msengi afunge safari tena. Jumapili ile ambayo hamkuniona hapa, mkasema fundi yuko wapi, nilikuwa Misigiri na sanduku na jogoo. Nikaomba nafasi baada ya ibada. Nikaweka sanduku mezani, nikamwomba Yunisi aje akae upande wa kijani, na binti mwingine nyekundu. Nikawaambia wabonyeze pamoja nikihesabu. Nyekundu ikawaka. Tena, nyekundu. Yunisi ameinamisha kichwa, anakitazama kidole chake kama siku ile. Nikawaambia wabadilishane nafasi. Sasa Yunisi nyekundu. Ikamwakia yeye, na tena yeye, na tena. Watu wakaanza kusema, “Amepona!” Mama mmoja akaanza wimbo!

Nikapaza sauti, “Hajapona! Hakuwa anaumwa!” Nikafungua kifuniko, nikachana kile kitambaa, nikakikata kile kidude mbele yao, nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Wimbo ulikatika. Vijana wakasimama, wengine wanataka kunipiga, na sikuwa na la kuwalaumu. Mzee wa kanisa mmoja, aliyekuwa kati ya walioukemea ule mkono, alikuwa anatazama dirishani. Mzee Msengi alisema maneno machache kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini, na mimi Mnyaturu sikuyaelewa yote, na niliyoyaelewa yalinitosha.

Yunisi akanyoosha mkono. Nikampa kile kidude. Akakiweka kiganjani, akakigeuza. “Kumbe ni hiki,” akasema. Halafu akasema, “Kwa hiyo hayakuwa maji ya bibi.”

Akakaa chini, sakafuni, akalia. Hakulia kama siku ile ya mkutano. Alilia kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, ambaye sasa ndio anasikia maumivu.

Nilimwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti. Akafuta uso akaniambia, na nitayasema kama alivyoyasema: “Fundi, siku ile nilikuuliza. Kwa nini uliniambia haliwezi?” Akangoja kabisa nijibu. Ndipo akasema, “Siwezi kukusamehe leo. Nikisema nimesamehe nitakuwa nimekudanganya, na uongo umetosha. Nitamwomba Mungu anisaidie. Lakini wewe nenda kule mjini, usimame palepale uliposimama. Na usije ukasema ‘dada mmoja’. Nilipoombewa pepo nilitajwa jina langu na la baba yangu. Na wewe unitaje hivyohivyo.” Nikamwahidi, nikasema na kanisa lililomcheka litamtaja kwa sauti.

Mnajua sisi tulivyozoea. Tukishuhudia tunasema ndugu mmoja, dada mmoja, ili tusimwaibishe mtu. Mara nyingi tunajifunika wenyewe. Basi leo sijajifunika.

Kikombe mchungaji amekubali kirudi Misigiri Jumapili ijayo, na anayetaka kufuatana nasi tutaondoka asubuhi. Najua kuna wanaoumia. Vijana wetu, naomba radhi, mlistahili kushinda au kushindwa kwa mikono yenu, na mimi nimewanyima yote mawili. Mama Eliya, nakuomba radhi mbele ya watu wale wale. Na amplifaya nimeirudisha kwa wazee. Wakiona inafaa nishike waya tena, nitashika. Wakiona haifai, nitakaa benchi la nyuma na watu wengine, na nitashukuru kuwa na benchi.

Namshukuru Mungu! Namshukuru kwa sababu hakunikamata kama polisi, aliniacha nitembee mwenyewe mpaka mlangoni. Yunisi amerudi kufundisha watoto. Mimi sijafurahi, wapendwa, bado nina aibu, naamka nayo asubuhi, lakini ni aibu ya mtu aliyefunguliwa, na naibeba nikiwa nje. Juzi nilimaliza redio ya mteja, nikafunga kifuniko, nikakaza skurubu. Mikono haikutetemeka. Haleluya!

Sasa simameni kidogo, kama hamtajali. Niliahidi kitu kule Misigiri na siwezi kukitimiza peke yangu. Nataka mseme pamoja nami, kwa sauti ya kufika barabarani, kama sisi sote tulivyocheka siku ile: Yunisi binti Msengi, mkono wako haukuwa mzito!

Tena, ndugu zangu. Mkono wako haukuwa mzito!

Na wewe unayenisikiliza ukiwa na kitu chako chini ya kifuniko, labda ni mzani, labda ni karatasi ya mtihani, labda ni neno tu ulilomwambia mtu, na umeona hakuna anayekushuku: mtumaini Mungu, kifungue. Usiseme hakijamuumiza mtu. Nenda ukamtafute, maana mahali fulani kuna mtu amefunga na kulia tangu asubuhi, anaitubia dhambi yako.